Usingizi wa Mke wa Askari

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Yesu, ninyi mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa kwenye mabenchi haya huku mvua ikigonga bati. Bwana apewe sifa. Mimi si msemaji. Mchungaji aliniomba niyaseme mbele yenu yale niliyomweleza kwa sauti ya chini pale mlangoni, nami nimeona nikinyamaza nitakuwa nimemnyima Mungu kilicho chake.

Kwa wasionijua, naitwa Upendo. Nimezaliwa Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, kwenye mashamba ya nyanya na vitunguu. Nyumba yetu haikujua ukimya. Mama akiita mmoja, tunaitika watano. Mvua ilipobomoa kivuko cha kijijini, wanajeshi waliletwa kukitengeneza, na mmoja wao alikuwa kijana wa Songea, mpole, aitwaye Onesmo. Alinisaidia kuvusha ndoo za nyanya. Baadaye akaleta wazee, ndoa ikafungwa kanisani kwetu, nikapanda gari na vyombo vyangu kuja kuishi kwenye kota za jeshi, huku upande wa magharibi wa mji.

Ndugu zangu, mimi nilidhani naijua ndoa, kwa kuwa niliwaona mama na baba. Ndoa ya askari sikuijua.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na tarumbeta. Nikafungua dirisha, nje ni ukungu mtupu, na ndani ya ukungu ule wanaume wanakimbia mchakamchaka wakiimba. Sikumwona hata mmoja. Nilisikia viatu na sauti tu, zikaja, zikapita, zikayeyuka. Onesmo alikuwa mle ndani. Nilisimama pale dirishani muda mrefu, nikaona kama vile nimeolewa na wimbo.

Hata mlima ulinichanganya. Kwetu, mlima una tumbo wazi, umepasuka, unaona hadi ndani. Huku mjini ukungu ulipopanda niliona mlima mzima, umesimama wima, hauna jeraha. Nikamuuliza Onesmo, "Huu ni Meru kweli?" Akacheka, akasema, "Ni ule ule, mke wangu. Wewe ndiye uliyehama."

Akitoka nyumbani namuuliza, "Unaenda wapi?" Anasema, "Kazini." Nikiuliza kazini wapi, anavaa kofia yake, anasema taratibu, "Mke wa askari hana swali la pili." Hakusema kwa ukali. Lakini yale maswali ya pili yakabaki kwangu, nikawa nayaficha kifuani.

Hatujamaliza hata kuzoeana mezani, akaja siku moja akaniambia wamechaguliwa kwenda nchi ya jirani kulinda amani. Siku ya kuwaaga tulisimama uwanjani sisi wanawake. Wanajeshi wote wamevaa sare moja, kofia moja, begi moja mgongoni. Nilimtafuta Onesmo nisimpate. Nilipunga mkono kwa bidii, na hadi leo sijui nilimpungia mgongo wa nani.

Ndipo usingizi ulipoanza.

Nasema usingizi, lakini haukuwa wa kawaida. Mwanzoni nilijilaza mchana kidogo kwa uchovu. Katika ndoto Onesmo alikuja akitembea katikati ya nyanya za kwetu, amevaa sare, miguu mitupu, ametulia. Hakusema kitu. Nikiamka, chumba ni kilekile, kuta ni zilezile, na simu haina mtandao wa kumfikia. Basi nikafumba macho tena ili nirudi nilikotoka. Siku zikaungana. Nilipika chakula cha watu wawili, nikatenga sahani mbili, nikaongea na upande wa pili wa meza. Kanisani niliacha kuja. Niliogopa kuamka, ndugu zangu, kwa sababu nikiamka nasikiliza kila gari linaloingia kwenye njia yetu, na kila gari lilikuja kuniambia amekufa. Nikilala, yu hai.

Mama alipiga simu akasema, "Rudi nyumbani, mwanangu. Bibi arusi haongei na kuta." Sikuweza hata kwenda. Kufunga begi kulikuwa kazi kubwa kama kulima.

Mtu pekee aliyeingia kwangu ni jirani yetu, mke wa sajenti, tuliyepakana naye ukuta. Alikuwa mama wa Kitanga, Mwislamu, na sote tulimwita Mama Zuhura kwa jina la binti yake. Mume wake alikwenda msafara uleule na Onesmo. Anabisha hodi, haningojei nijibu, anaingia na kikombe cha uji.

"Wewe Upendo, utalala hadi lini?"

"Nimechoka, dada."

"Umechoka na nini? Hujafanya kitu." Kisha anakaa kitandani, sauti inashuka. "Mimi nimewahi kulala hivyo. Kunywa kwanza. Nitakuombea kwa njia yangu, na wewe jiombee kwa njia yako."

Nilikunywa ule uji ili aondoke. Akiondoka, narudi kwenye nyanya.

Sasa ikaja asubuhi moja ya mawingu. Toka alfajiri bombani wanawake walikuwa wananong'ona. Habari ilikuwa imepita kwamba huko walikokwenda watu wetu kumetokea shambulio, kuna walioanguka, majina hayajulikani. Nilisikia yote kupitia dirisha nikiwa nimejifunika shuka. Nikajaribu kulala. Usingizi ulinikataa. Ule mlango niliouzoea ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Ndipo nikasikia gari.

Liliingia polepole kwenye njia yetu. Bombani sauti zote zikakatika. Nilisikia kokoto chini ya tairi, moja moja. Sikuwa na sala ndefu. Nilisema, "Yesu, nishike," basi. Gari likafika usawa wa dirisha langu, likapita kidogo, likasimama. Milango ikafunguliwa. Nikasikia salamu mlangoni pa jirani: "Asalaam aleikum." Nikajua kwamba wamekuja na shehe, na kwamba si mlango wangu.

Ndugu zangu, kupitia ukuta ule nilimsikia Mama Zuhura akiitikia. Nikamsikia akivuta viti. Akasema, "Karibuni mkae. Nawawekea chai." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mama anayepokea wageni. Alijua. Alishajua toka gari liliposimama, naye alikuwa anawawekea chai.

Sijui niseme vipi lililonipata hapo. Wengine humwona malaika, wengine husikia jina lao likiitwa. Mimi nilisikia kiti kikiburutwa sakafuni, na nikaamka. Nilikuwa nimekaa kitandani, miguu chini, saruji ya baridi, na kila kitu mle chumbani kilikuwa na kingo zake. Nikatoka bila viatu, nikaingia kwake bila hodi, kama alivyokuwa akiingia kwangu.

Ofisa alikuwa amesimama na kofia mkononi. Shehe ameketi, ameinamisha kichwa. Mama Zuhura yuko jikoni anahesabu vikombe na kukosea. Aliponiona akasema, "Upendo, nishikie hii sufuria, chai itamwagika." Nikaishika. Akakaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa chake kwenye goti langu, na hapo ndipo alipolia.

Baadaye, wanawake walipojaa, aliinua uso akasema, "Zuhura yuko shule. Nani atamleta?"

Nikasema, "Mimi."

Mimi ambaye sikuwa nimevuka geti kwa majuma. Nilivaa ndala, nikatembea. Wingu lilikuwa limekaa chini barabarani, watu wanatokea mbele yangu kama wanazaliwa, wananipita, wanapotea. Nilitembea katikati yake nikisema jina la Yesu kwa kila hatua, na sikuogopa. Nilimpata Zuhura kwenye uwanja wa shule, anaruka kamba.

"Anti, mbona umekuja wewe?"

"Mama anakuhitaji nyumbani."

Alinitazama. Watoto wa kambini wanajua mambo. Hakuuliza swali la pili. Alinipa mkono wake, tukarudi, na ule mkono mdogo ulikuwa wa moto na wa kweli kuliko kitu chochote nilichokiota.

Nataka mnisikie vizuri hapa. Wakati natembea na mtoto yule, sikujua kama Onesmo yu hai. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Mungu hakuniponya kwa kuniletea habari njema. Aliniponya kwanza, habari zikaja baadaye. Nililala kwa Mama Zuhura, nikachota maji, nikapika na akina mama wa Kiislamu walionifundisha kuweka nazi, nikakaa nje ya kisomo chao cha kumwombea marehemu nikisali sala zangu. Na hofu ikawa inakuja, inanikuta nina kazi, inaondoka.

Simu kutoka kwa Onesmo iliingia nikiwa naosha sufuria.

"Upendo, unanisikia?"

"Nakusikia. Sema taratibu, niko macho."

Hakuelewa kwa nini nilisema hivyo. Alilia, nami nikamwacha alie. Sajenti, mume wa Mama Zuhura, alikuwa amekufa karibu naye.

Onesmo alirudi mwembamba, macho yako mbali. Kuna siku alikaa uani akitazama sisimizi mmoja akipanda ukuta hadi chai yake ikapoa. Upendo wa zamani angeketi ndani akamwota yule wa kwenye nyanya. Mimi nilikaa pembeni yake. Siku moja nikamuuliza swali la pili. "Kule ulikuwa wapi, hasa?" Akaanza kusema. Bado anasema, kidogo kidogo. Tunaoana upya kila anaposema.

Mama Zuhura amerudi Tanga kwa ndugu zake. Tunapigiana simu. Anaumia bado, na sitawadanganya kwamba nimeelewa kwa nini gari lilisimama kwake. Nimemuuliza Mungu, hajanijibu, nami sijaacha kumwamini.

Wapendwa, Onesmo anaondoka tena juma lijalo. Naona mnanitazama. Hapana, sijaahidiwa kwamba atarudi. Nimeahidiwa kwamba sitakuwa peke yangu, na hilo nimelishika kwa mikono yangu. Kama kuna mtu hapa anayelala ili asijue, mke, mama, au hata baba, namwomba amwamini huyu Yesu aliyeniamsha. Haamshi kwa kelele. Na kama huwezi kusali leo, usijilazimishe. Mimi nakaa kwenye kota, nyumba ya tatu kutoka bombani. Njoo, nitajua umekuja kwa nini. Tutakaa pamoja hadi gari lipite, na likisimama, tutatoka wote.