Nazibrola Lomsadze (1951–2023): Hakimu Aliyeuliza Ngazi Ziko Wapi

Marehemu Nazibrola Lomsadze alizaliwa tarehe 17 Machi 1951 katika kijiji cha Zedatsikhe, mkoa wa Imereti, nchini Georgia, mtoto wa pili wa mzee Ambrosi, mkulima wa zabibu, na mkewe Pelagia. Mzee alikuwa akitarajia mtoto wa kiume. Alipoletewa habari alisema, "Basi, na huyu atafaa," akaenda zake shambani.

Alimaliza shule mwaka 1968 na medali ya dhahabu, akasomea sheria Tbilisi na kuhitimu mwaka 1973. Sheria ya enzi zile za Kisovieti ilikuwa na jibu kabla ya swali, kwa hiyo, kama alivyopenda kusema, mtihani haukuwa mgumu.

Tarehe 12 Oktoba 1974 alifunga ndoa na Murman Lomsadze, fundi wa reli. Kabla ya kutia saini cheti aliketi akakisoma chote, wageni wamesimama. Msajili akamtania, "Bibi harusi, humwamini mwenzio?"

"Murman namwamini. Aliyeandika hii karatasi ndiye simjui."

Alianza kazi kama karani wa mahakama ya mji wetu, na mwaka 1989 akawa hakimu. Kwa miaka mingi hakuna mshtakiwa aliyetoka kwenye mahakama ile bila hatia. Si kwamba mji ulikuwa na wahalifu hodari kuliko miji mingine. Ndivyo kazi ilivyofanyika: mwendesha mashtaka alileta mtu, hakimu akaleta miaka.

Serikali ilipobadilika mwishoni mwa 2003, ukaja ujumbe wa kiraia kutoka nchi za Ulaya kusaidia kurekebisha sheria za jinai. Kwetu alipangwa Bi Aulikki, hakimu mstaafu kutoka Ufini, mwanamke mrefu, mpole, aliyekuja na michoro ya mishale mingi ya kuonyesha kesi inavyopaswa kwenda. Alikaa benchi la nyuma na mkalimani wake, akisikiliza. Siku ya kwanza aliuliza, "Mwendesha mashtaka akikosea, huwa mnafanyaje?"

"Tukio kama hilo halijawahi kuripotiwa hapa," marehemu alimjibu.

Alijibu kwa mzaha, lakini swali lenyewe alirudi nalo nyumbani. Murman anasimulia kwamba mkewe alikula chakula cha jioni bila kulalamikia chumvi, akajua kuna jambo.

Mwezi Oktoba 2004 akaletwa Gocha Meparidze, mwokaji mikate, akidaiwa kuiba nyaya za shaba za umeme. Mji ulikuwa gizani kwa wiki nzima na ulitaka mtu wa kufungwa. Gocha alikuwa amekiri. Alikuwa pia na vidole viwili vilivyovunjika.

"Umefanya nini mkono?" marehemu alimuuliza.

"Nilianguka kwenye ngazi, Mheshimiwa. Kituoni."

"Kituo chetu cha polisi hakina ghorofa, mwanangu. Ngazi ziko wapi?"

Hukumu ikapangwa kusomwa Alhamisi.

Jumanne, mwendesha mashtaka, Bwana Bondo, aliwaandalia wageni karamu, naye mwenyewe akawa tamada, kiongozi wa meza. Kwetu tamada akisema neno na watu wakalinywea, neno hilo limekwisha kuwa ahadi. Kulikataa ni kumvua mwenye meza nguo. Bondo alinywea amani, nchi, wazazi, waliotangulia. Kisha akainua glasi: "Na sasa kwa Nazibrola wetu, ambaye hajawahi kutuangusha, na Alhamisi hatatuangusha!"

Wanaume wote wakasimama. Marehemu akaweka glasi yake mezani, imejaa.

"Bondo, hii sinywi."

Hata waliokuwa wakitafuna waliacha. Murman akamnong'oneza, "Nazi, kunywa tu mama, ni divai."

"Ingekuwa divai ningekunywa."

"Unaniaibisha mbele ya wageni!" Bondo akafoka, uso umemwiva.

"Wewe ndiye umeleta kesi kwenye sahani, baba. Mimi nimekuja kula kuku."

Bi Aulikki akamuuliza mkalimani kulikoni. Mkalimani akafikiri, akamjibu, "Mgawanyo wa madaraka."

Njiani marehemu alimuuliza mgeni huyo, "Ungekuwa wewe, ungeamuaje?"

"Mimi si hakimu hapa," alisema Bi Aulikki. Marehemu alisema kuwa huo ndio ushauri bora aliowahi kupewa, ingawa siku hiyo uliudhi.

Alhamisi alikataa ungamo lile, ushahidi mwingine haukuwepo, akamwachia Gocha huru. Hakuna aliyepiga makofi. Majirani waliacha kumsalimia, na Novemba aliitwa Tbilisi mbele ya baraza la nidhamu, ambalo msimu huo lilikuwa likifukuza mahakimu kwa wingi. Aliondoka akiwa ameshafungasha vitu vyake vya ofisini.

"Nani alikuagiza?" baraza lilimuuliza.

"Hakuna."

"Wale wageni?"

"Wageni wamenifundisha kuuliza. Majibu nimeyakuta hapa hapa."

Mahakama ya rufaa ilikubaliana na hukumu yake, na baraza likamwacha, kwa kuwa halikupata jina la kuandika penye nafasi ya aliyemwagiza. Alirudi, akahukumu hadi alipostaafu mwaka 2014. Wengi aliwafunga. Wengine hapana, na ikawa jambo la kawaida.

Mwaka 2020 moyo ulianza kumsumbua, akatibiwa Kutaisi. Desemba iliyopita Bondo alimtembelea wodini na komamanga. "Ulinitesa wewe mwanamke," alimwambia. "Kwa wenzako nilisoma faili ndani ya gari. Kwako ilibidi nisome nyumbani."

"Na bado ulisoma vibaya," marehemu alimjibu, akamkatia komamanga.

Alifariki tarehe 6 Februari 2023, alfajiri. Ameacha mume, Murman, watoto wawili, Khatuna na Lasha, wajukuu wanne, na dada yake, Tsiuri.

Mahakama iliomba kufungwa leo, siku ya mazishi, kwa heshima yake. Familia imeshukuru na kukataa kwa niaba yake: wako watu rumande wanaongojea kusikilizwa, na heshima ya marehemu isiwaongezee siku ndani. Kesi zimeanza saa nne, kama zilivyopangwa. Alale kwa amani katika udongo wa Zedatsikhe.