Picha Moja ya Harusi Ilitaka Kutumaliza

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu, ninyi wa hapa Sironga na ninyi mtakaosoma haya mkiwa mbali! Mimi ni Kerubo, mke wa Ombati, nyanya wa wajukuu wengi, na wote wana sura nzuri, msinibishie. Shule nilifika darasa la pili tu, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Mkiona nimeandika kombo, nyamazeni, msome. Haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi, yakaniuma, na Bwana akanitoa.

Miaka ile ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya, mume wangu alikuwa akifagia studio ya Mhindi mmoja mjini Kisii. Alifagia huku anachungulia, akaijua kazi. Yule Mhindi alipohama alimwachia kamera ya zamani, ile ya sanduku, unaishika hapa tumboni na kuchungulia kwa juu. Ombati akaja nayo nyumbani ameikumbatia kama mtoto mchanga. Watu wa kwao walicheka! "Wenzako wanapanda chai, wewe umeleta sanduku. Mtakula picha?"

Nikasema tutakula. Mimi nilikuwa msichana mwenye kichwa kigumu na bado ninacho.

Tukapanga chumba huko Keroka nyuma ya duka la sabuni. Ukutani tukatundika shuka niliyoipiga pasi mwenyewe. Nyuma tukaziba dirisha kwa magunia, tukaifunga taa ya mafuta kitambaa chekundu, hapo ndipo Ombati alipoosha picha zake kwenye dawa inayonuka kama mayai yaliyooza. Nguo zetu zilinuka, watoto walinuka, hata ugali ulinuka. Niliuza ndizi ili tununue karatasi za picha. Ijumaa jua likikaribia kuzama tunafunga kila kitu, maana sisi ni watu wa Sabato, na Jumapili tunaenda harusini. Polepole tukajulikana. Bibi arusi wa Nyamira akipigwa picha na Ombati, wa Nyakoe naye anamtaka Ombati. Tulianza kuona njia.

Ndugu zangu, shetani hapendi kuona mke na mume wanavuta kamba upande mmoja!

Kabla sijaendelea, msio Wakisii mnisikilize. Kwetu kuna chinsoni, ni heshima iliyo na haya ndani yake. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai benchi moja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha kando. Hilo si jambo la mchezo hata leo, na siku zile lilikuwa zito kama jiwe la kusagia.

Sasa, Mzee Nyakundi wa hapa Sironga alimwozesha mwanawe. Bibi arusi aliitwa Bosibori, msichana wa Nyakoe, mpole, macho makubwa. Harusi ilikuwa kubwa na mvua ilikuwa inanukia. Mzee Nyakundi akataka picha yake peke yake, ameketi, amevaa koti refu, mikono juu ya magoti. Ombati akampiga. Papo hapo watu wakapiga kelele, "Mpiga picha! Mvua! Mpige bibi arusi kabla shela haijalowa!" Ombati akakimbia. Bosibori akaketishwa kitini, akapigwa.

Kamera ile ilikuwa na kifundo pembeni. Ukipiga picha, unakizungusha, filamu inasogea. Usipozungusha, picha ya pili inaanguka juu ya ile ya kwanza, zinakuwa kitu kimoja. Ombati wangu, kwa ajili ya mvua na kelele, hakuzungusha.

Na hakuigundua mapema! Alizitoa picha kwenye dawa chini ya taa nyekundu, akazianika, na kabla hajazikagua mchana, akaja kijana wa kwa Mzee Nyakundi. Lori lililomleta linapiga honi nje, dereva anatukana. Tukazitia kwenye bahasha haraka haraka, akaenda. Bahasha ikafunguliwa kwa Mzee, wageni wamejaa, ndugu za mume, wazee wa ukoo, wote. Picha zikapita mkono kwa mkono, watu wanafurahi. Ikafika ile moja.

Bosibori ameketi juu ya mapaja ya baba mkwe wake! Na shela yake, na maua yake! Mkono wa Mzee umetokeza kiunoni pake. Picha ilitoka safi kabisa, utafikiri walikaa hivyo kwa hiari yao na kutabasamu.

 Waliniambia mama wa nyumba, mke wa Mzee, alipiga ukelele kama wa msiba.

Mzee Nyakundi akaingia chumbani akafunga mlango. Bosibori akarudishwa kwao Nyakoe jioni ile ile, hajakaa hata kuzoea jiko. Walijua kwamba hawakukaliana, maana wote walikuwapo! Lakini picha iko, watu wataiona, na kitu kikionekana kwa macho nani atakikana? Wazee wa ukoo wakasema lazima sisi tulete mbuzi, achinjwe kwa njia ya zamani, watu watakaswe. Tusipoleta, hakuna boma la Kisii wala Nyamira litakalotuita tena.

Ombati akasema, "Kerubo, tulete mbuzi tumalize. Ni mbuzi tu."

Nikamwambia, "Si mbuzi tu. Tukimchinja tumekubali kwamba jambo lile lilitendeka. Lilitendeka?"

"Halikutendeka."

"Basi unamtakasa nani na kwa nini? Tena sisi tulishaacha damu za mbuzi siku ile tulipozamishwa mtoni. Au wewe ulizama nusu?"

Akanyamaza. Mume wangu alikuwa mtu wa kunyamaza, na ndiyo sababu tuliishi vizuri.

Lakini njaa haina kunyamaza. Harusi zikapita mbele ya mlango wetu na matarumbeta, hakuna aliyegeuza shingo. Sokoni Keroka wanawake walinitania mpaka nikaacha kuuza ndizi zangu mahali pangu pa kawaida. "Usiende kwa Kerubo, atakukalisha juu ya babu yako!" Wengine wanashika kiuno na kucheka. Ombati akaanza kusema atauza kamera, arudi kwa baba yake aombe mashina ya chai ayalime. Usiku alikuwa anaugeukia ukuta. Mimi nami nikaanza kuchoka ndani, ndugu zangu, kuchoka kule ambako unafungua kinywa uombe na hakuna neno linalotoka.

Siku moja nikaenda kuuza ndizi Nyakoe, mbali na midomo ya Keroka. Nikamkuta Bosibori. Ameinamisha kichwa juu ya kikapu, kitambaa kimevutwa mpaka machoni, mwembamba kama mtu aliyetoka hospitali. Aliponitambua nikafikiri atanirushia ndizi. Hakurusha. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe ulikuwepo. Niambie ukweli. Nilimkalia?"

Msichana alikuwa ameanza kutojiamini mwenyewe! Walimsema mpaka hakujua tena matako yake yalikaa wapi!

Nikamshika mabega. "Hukumkalia. Na nitawaonyesha." Nilisema hivyo, lakini sikujua nitawaonyesha nini.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiomba kwa sauti, watu wa njiani wakifikiri nina wazimu. Nilimwambia Mungu bila adabu, "Wewe ndiwe uliyetupa kazi hii. Ama uitetee, ama uichukue leo, usitutese nusu nusu!" Na hapo, ndugu zangu, karibu na daraja, pakaja neno ndani yangu, wazi kama mtu anayenisemesha: kamera ilisema uongo mara moja bila kutumwa. Itume iseme uongo tena, mbele yao.

Nilikimbia! Mwanamke mzima mwenye kikapu kichwani, nilikimbia mpaka Keroka.

Ombati aliposikia akashika kichwa. "Unataka tuzikwe kabisa?"

"Tumekwisha kuzikwa. Lete filamu."

Tukaenda kwa Mzee Nyakundi. Ombati aliishia penye lango, akasema ataomba akiwa pale pale. Nikamwacha na maombi yake, nikachukua kamera, maana kwa kumtazama kila siku nilishajua kuitumia, nikabisha hodi. Mama wa nyumba alinitazama kama mbwa aliyeingia jikoni. Nikapiga magoti pale uani, nikasema kwa nguvu ili aliye ndani asikie, "Mzee wangu, sikuja na mbuzi. Nimekuja kukuomba picha moja. Ukiisha kuiona, ukisema nichome kamera, nitaichoma hapa hapa kwa mkono wangu."

 Sauti ikatoka ndani: "Huyu mwanamke ana kichaa?"

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

Akatoka. Nafikiri alitoka kuja kutazama kichaa. Nikamsimamisha karibu na ghala la mahindi, nikampiga. Nikamwita aje karibu, nikamwonyesha kile kifundo. "Angalia mkono wangu, Mzee. Sikukizungusha. Umeona?" Akasema ameona. Nikaenda mpaka kwa fahali wake mkubwa aliyefungwa penye ndizi, nikampiga naye. Nikaaga.

Siku niliporudi na ile picha, uani palijaa watu. Habari zilikuwa zimekimbia kuliko mimi, na wale wazee wa ukoo walikuja na fimbo zao kutazama kamera ikichomwa. Safari hii Ombati aliingia na mimi, bega kwa bega. Nikamkabidhi Mzee Nyakundi picha kwa mikono miwili.

Akaitazama. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Fahali alikuwa amemkalia mabegani! Kwato ziko kifuani, mkia umening'inia sikioni, na Mzee amesimama wima na kofia yake hana habari.

"Huyu ng'ombe," akasema polepole, "alinikalia lini, nami sikuvunjika shingo?"

Mke wake akanyakua picha. Alicheka mama yule! Alicheka mpaka akaketi chini, kilemba kikaanguka. Picha ikazunguka, uani pakawa kicheko kitupu. Mzee mmoja wa ukoo alibaki amekunja uso, akasema, "Hata hivyo, ile ya msichana inataka mbuzi."

Mzee Nyakundi akamgeukia. "Sawa. Leta wa msichana. Na umlete mwingine wa mimi na ng'ombe, tutakaswe naye, maana mmeona wenyewe tulivyokumbatiana!"

Haleluya! Yakaishia hapo. Yule mzee mwenyewe akacheka mwisho, akageuka akijifanya anakohoa.

Bosibori akaletwa kabla jua halijazama kesho yake. Mama mkwe ndiye aliyekwenda kumchukua, akambebea kikapu kwa mkono wake. Ile picha mbaya Mzee aliitia motoni, lakini ile ya ng'ombe aliitundika ukutani, na kila mgeni aliambiwa aitazame kabla ya kupewa chai.

Sikilizeni tena Mungu alivyo. Mzee huyo huyo alipomwozesha mwanawe mwingine alituita, akasema mbele ya watu, "Ombati apige wanaume. Mkewe apige akina mama na bibi arusi, maana yeye anajua nani asikae na nani." Mwanamke kupiga picha! Hakuna aliyekuwa ameona. Lakini mimi ningeweza kuingia chumbani bibi arusi anapovikwa, nikairekebisha shela, nikamwambia mama wa bwana arusi kwa Kikwetu ainue kidevu. Ombati asingeweza, haya ingemwua. Na mama mkwe na mkwe wake wa kiume niliwapanga mbali kama mashariki na magharibi, bila kuambiwa na mtu.

Hapo kazi ikafunguka! Miaka ya sabini ilitukuta na kamera ya pili, na chumba chenye dirisha la kioo barabarani, picha za maharusi zimepangwa, watu wa malori wanasimama kutazama. Tulikuwa na sheria yetu: mmoja akipiga picha, mwenzake anaita, "Zungusha!" Tuliitana hivyo harusini mpaka watoto wakatuiga, huku "Zungusha!" kule "Zungusha!" Tuligombana, ndiyo. Kazi ya mke na mume ina ugomvi wake. Lakini hatukuacha kuitana.

Kwa picha hizo tumesomesha watoto wetu wote, wavulana na wasichana. Tulijenga nyumba ya mabati. Ndugu za Ombati waliocheka sanduku, yaani wakwe zangu mimi, walikuja wote kupigwa picha, nami nikawaambia wapange foleni.

Nakushukuru wewe Mungu uliyeniokoa na aibu, ukamrudisha Bosibori kwake, ukamwinua mume wangu aliyekuwa anaugeukia ukuta. Sikuwa na elimu, sikuwa na mtu mkubwa wa kunisemea. Nilikuwa na wewe.

Na wewe unayesoma, labda wewe na mwenzako mmepakwa kosa ambalo hamkulitenda, kazi imefungwa, watu wanacheka. Mwamini Bwana leo, usingoje kesho. Piga kelele mbele zake hata bila adabu, anasikia. Kisha funga leso vizuri, uende kwenye ule mlango unaouogopa kuliko yote, ubishe hodi. Utamkuta Bwana amekwisha kufika kabla yako. Amina.