Mkufu Uliotoka Ghorofa ya Tatu

Mheshimiwa Meya, Baba Padri, Mkuu wa Posta uliyefika umechelewa kama barua zako, wastaafu wenzangu, na wewe Yordanka tunayekuaga leo baada ya miaka thelathini ya kutuletea pensheni mlangoni:

Shule niliacha darasa la saba, kwa hiyo nitasema yaliyonipata tu.

Mwezi wa pili daktari alinipigia simu. “Mzee Radko, binti yako amegongwa na gari. Bila malipo hapasuliwi. Usikate simu.” Nyuma yake mwanamke analia, “Baba!” Mimi, ninayewacheka kila wiki waliotapeliwa, nilitia mkufu wa dhahabu wa marehemu mke wangu kwenye mfuko wa plastiki, nikaurusha kutoka roshani kama nilivyoagizwa.

Ukaanguka miguuni pa Yordanka.

“Mzee Radko, siku hizi takataka unatumwagia vichwani?”

“Uache, ni wa daktari!”

“Daktari gani anatibia chini ya dirisha?”

Akauokota, akaukalia kwenye benchi. Akaja kijana mmoja mwenye haraka. “Mama, huo mzigo wangu.”

“Hewala, mwanangu. Kitambulisho, halafu saini hapa.”

Ndugu zangu, yule alikimbia utadhani kaonyeshwa mbwa. Binti yangu nilimpata kwa simu, yuko kazini mjini Plovdiv, mzima, mdomo umejaa mkate.

Je, niliwaambia? Thubutu! Niliona haya, nikamwapisha Yordanka anyamaze, naye akanyamaza. Wiki tatu baadaye daktari yuleyule akampigia Bogdana wa jengo letu, akamsafishia akiba yote. Tangu hapo mama wa watu hafungui mlango, anadhani ndiye mjinga peke yake. Mjinga wa kwanza nilikuwa mimi, na ningefungua mdomo angeijua sauti ile.

Ndiyo maana nasema leo, mbele ya meya, nikiwa sijanywa hata tone. Mwizi huyu hali dhahabu yetu tu, anakula na haya zetu. Akipiga, kata simu, mpigie mwanao mwenyewe, kisha njoo hapa klabuni kwetu ututangazie. Mwezi uliopita wanne wetu waliosikia ya Bogdana walipigiwa, na wote wanne walikata. Mmoja alimshauri daktari akapimwe akili.

Yordanka, asante kwa kukalia mali yangu. Sasa sogea kidogo kwenye benchi hilo. Bogdana, nakuona hapo mlangoni na koti lako. Livue, mama, uje ukae na wajinga wenzako.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia.