Mafuta Niliyopakwa Kichwani

Wengi wenu mkisimama hapa mbele ya kanisa kutoa ushuhuda huanza na wimbo. Mimi leo sina wimbo. Nimekuja na hasira, na asubuhi nilimwambia Mungu nitakuja nayo, hakunikataza.

Mnanijua, mimi ndiye shosho, yule nyanya wa mboga, nimekaa hapa Mashimoni tangu nyumba zikiwa za kuhesabika. Shule niliacha darasa la tatu, lakini jina la mtu halinitoki. Nikilisikia mara moja nalishika, pamoja na la babake. Kwa hivyo nisipotaja mtu leo, msifikirie nimesahau.

Mambo yalianza hedhi yangu ilipokoma. Nilifurahi, nikasema huo mzigo nimeutua. Kumbe mwili ulikuwa na mengine. Ghafla nawaka kutoka kifuani mpaka masikioni, shuka zinalowa, natupa blanketi, mzee wangu anabaki akitetemeka upande wake. Halafu tukikutana kama mume na mke, kunauma. Ndugu zangu, nayasema wazi kwa sababu aibu ndiyo ilinimaliza: ilikuwa kama kusuguliwa na msasa. Nilimwambia mzee mara moja tu kwamba kunauma, kisha nikawa nangoja akorome ndiyo niingie kitandani.

Mzee akasema, "Umekuwa baridi."

Baridi. Mimi niliyekuwa nalala mlango wazi nipate upepo.

Hakuniuliza kitu. Alienda kwa mzee wa kanisa, mzee wa kanisa akamwambia mkewe, na mkewe ana mdomo. Siku moja niko kwa foleni ya maji, mama mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Mama, mitungi minne yote ni ya nini, na tunasikia kwako kumekauka?" Foleni nzima ikacheka. Jina lake ninalo. Mtungi wake ulikuwa umezibwa tundu kwa kipande cha sabuni, hata hilo nakumbuka.

Wiki hiyo dada saba wa maombi wakaja kwangu. Wakaniweka katikati, wakanipaka mafuta kichwani.

"Mama, mtaje tu huyo mwanamume wa kando, utakuwa huru."

Mimi, mwenye wajukuu sita. Nikawaambia, "Hakuna mwanamume. Ni kunauma."

Mmoja akajibu, "Hivyo ndivyo hilo pepo husema."

Kati ya hao saba, wawili mko hapa, mmefunga vilemba vipya. Kaeni tu, sijamaliza na nyinyi.

Nilifunga nguo zangu nikaenda kwa binti yangu Kawangware. Miaka miwili nilikaa huko nikiuza mboga kando ya barabara, mzee huku akijipikia ugali mbichi.

Julai moja, ile baridi ya kuvaa sweta mbili, niliketi na mboga zangu za managu najipepea na kipande cha katoni. Mteja wangu mmoja, sista, muuguzi wa kliniki upande wa Riruta, akasimama kuniangalia.

"Shosho, kwani wewe una jua lako?"

"Chagua mboga."

"Hedhi ilikoma lini?"

Karibu nimrushie managu. Halafu nikashusha mkono, kwa sababu hilo swali hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Saba walitaka jina la mwanamume, na hakuna hata mmoja aliuliza hilo.

Alinipima kliniki, kisha akanieleza polepole. Ati kuna homoni ya kike, na hedhi ikikoma inapungua. Mimi homoni nilijua ni ya kuku wa gredi, wale wa kukuzwa haraka. Akasema ikipungua, mwili unapoteza kipimo cha joto, na huko chini kunakauka, ngozi inakuwa nyembamba, ndiyo maana kunauma. Na mtu akiumia kila mara, hamu nayo inakimbia. Akanipa dawa ya kupaka.

"Kwa hivyo ni mafuta?" nikamuuliza.

"Ni dawa, lakini ndiyo, inapakwa."

"Mimi walinipaka kichwani."

Tulicheka mpaka nikalia.

Nikamtumia mzee ujumbe aje asikie. Akasema yeye si mgonjwa. Nikamjibu, "Njia ya kwenda kusema mambo yangu kwa mzee wa kanisa uliijua. Hii pia utaijua." Akaja, akaketi na kofia magotini, sista akamweleza yote. Tulipotoka akasimama kando ya barabara.

"Kwa hivyo kulikuwa kunauma?"

"Kulikuwa kunauma."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Wewe ukasikia baridi."

Alinibebea kikapu mpaka kwa binti yangu, na mwezi huo nikarudi nyumbani. Siku hizi nikitupa blanketi analitupa pia. Mengine si yenu.

Namshukuru yule sista. Namshukuru binti yangu, alinipokea bila kuniuliza nimekosa nini. Hata mzee namshukuru, amekubali niseme, ameketi pale nyuma akijifanya anasoma kitabu cha nyimbo.

Lakini sikusimama kwa ajili ya hayo. Nimesikia kuna dada mnataka kumzunguka na mafuta Alhamisi, kwa kosa kama langu. Msigeuze shingo kumtafuta. Alhamisi hamtampata, atakuwa kliniki na mimi, tumeshaongea. Mkitaka kumwombea, ombeni foleni iwe fupi.

Na nyinyi wawili wenye vilemba, majina yenu yatabaki kwangu. Ila siku nyingine dada akiwaambia kunauma, kabla ya kufungua hiyo chupa ya mafuta, muulizeni ni wapi.