Sura Tatu Nilizoziruka

Ndugu zangu wajane na wagane, mmeniomba nisimame, nami nimesimama ingawa miguu haitaki. Wengi wanaokuja hapa mbele huanza kwa machozi wakamaliza kwa vigelegele. Kwangu msingoje vigelegele. Sitataja jina la mtu yeyote, maana aliyekosa ni mimi, na langu mnalijua.

Mimi ni dereva. Mwaka wa kumi na tisa huu naendesha lori la unga. Naishi mtaa wa Mbotela, kwetu ni Ukambani. Na kwa miaka kumi na miwili, kila Alhamisi jioni, nilikuwa mwalimu wa Neno katika kanisa letu la zamani, si hili.

Fundisho nililolipenda kuliko yote lilikuwa la Wayahudi. Nilisema hivi: Mungu aliwateua, akawatoa Misri, akawapa sheria na manabii, lakini Mwokozi alipokuja wakamkataa, basi naye Mungu akawakataa. Ahadi zao zote tumerithi sisi. Naandika ubaoni "Israeli", nafuta kwa kiganja, naandika "Kanisa". Watu wanaitikia Amina mpaka mabati yanatetemeka. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sijawahi kukutana na Myahudi hata mmoja. Watu ambao Yesu alizaliwa kwao, niliwatukana kila wiki nikarudi nyumbani nikala nikashiba.

Kwa nini nililipenda? Nimejiuliza sana. Mama yangu alikuwa mke wa pili, na baba alipogawa shamba, sisi watoto wake hatukutajwa. Sasa mtu wa namna hiyo akiambiwa yeye ndiye mteule, asipojichunga, hupenda kumwona mwingine amekataliwa. Anaona ndiyo dalili kwamba zamu yake imefika.

Barua ya Paulo kwa watu wa Rumi niliifundisha mara tatu. Kila nikimaliza sura ya nane, naruka hadi ya kumi na mbili. Nilisema zile tatu za katikati ni ngumu, tutazirudia. Hatukuzirudia.

Nina watoto watatu, kijana ndiye kifungua mimba, kisha mabinti wawili. Kijana alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Jumapili moja tuko mezani, akaacha kula.

"Baba, mimi sitakuja kanisani tena."

"Unaumwa?"

"Hapana. Siamini. Nimejaribu miaka miwili. Siwezi kuendelea kuimba kitu nisichokiamini."

Mama yake akamwambia polepole, "Mwanangu, kula kwanza."

Mimi nikasimama. "Katika nyumba hii anayemkataa Mungu hatalala."

"Sijakukataa wewe, Baba. Mimi bado ni mtoto wako."

Nikamjibu: "Mungu alikuwa na mzaliwa wa kwanza, jina lake Israeli. Alipomkataa, Mungu naye akamkataa. Mimi ni nani nimzidi Mungu upole?"

Akanitazama. "Kama Mungu wako yuko hivyo, basi nafanya vizuri kuondoka."

Akakunja nguo zake kwenye mfuko, akaenda. Alhamisi iliyofuata nikamtolea mfano darasani, na watu wakanizunguka wakaniombea nguvu. Mnasikia? Mtu amemfukuza mwanawe, anaombewa nguvu!

Kijana alipata kazi ya kuchomelea milango na madirisha ya vyuma huko mtaa wa Kware, akapanga nyumba katika jengo refu, ghorofa ya sita. Akaoa, akapata binti. Hayo yote niliyasikia kwa majirani. Mke wangu alikuwa na presha na magoti yaliyovimba, lakini kila Jumamosi aliniambia anakwenda soko la Burma kununua matumbo. Na kweli alirudi na matumbo, lakini saa tano nzima zimepita. Nilijua alikokuwa. Nilinyamaza, na kwa kunyamaza huko nikajiona mtu mwenye rehema.

Miaka sita ikapita hivyo. Kisha presha ikampiga kiharusi. Upande mmoja ukafa, ulimi ukawa mzito. Nilikaa kando ya kitanda chake hospitalini, akanishika mkono kwa ule mmoja uliobaki, akasema neno moja.

"Mwite."

Nilijua anamtaka nani. Nikamwambia, "Akitubu atakuja mwenyewe."

Akageuza uso ukutani. Niliwakataza mabinti wasimwambie ndugu yao, nao waliniogopa, wakatii. Siku ya tatu mke wangu akafariki, na uso wake haukunirudia. Naomba maji kidogo.

Asante.

Tukamzika Ukambani. Wasifu wa marehemu niliuandika mimi kwa mkono wangu. Msomaji akasoma mbele ya wazee na majirani wote: "Ameacha mume na watoto wawili." Mabinti zangu wakainua vichwa. Kijana alikuwa amesimama kwenye ua na mkewe, mtoto begani. Habari za msiba alikuwa amezipata mtaani. Watoto wakaitwa watupe udongo. Mabinti wakaenda. Yeye akapiga hatua moja, na mjomba wake akanitazama mimi kuuliza. Nikatikisa kichwa.

Akasimama pale pale. Halafu akageuka, akashika njia ya barabarani kwa miguu, na yule mtoto anatutazama kutoka begani kwake mpaka walipopinda.

Baada ya mazishi mabinti waliacha kupokea simu zangu. Nikawa napika ugali wa mtu mmoja, nao unanishinda. Nikipiga magoti sipati hata neno la kwanza. Lakini Alhamisi nilifundisha! Mdomo unaweza kufanya kazi miezi bila moyo kujua, niaminini.

Ndipo siku moja, nimeandika "Israeli" ubaoni, nimefuta, mama mmoja wa nyuma akainua mkono. Ni mjane, anauza matumbo Burma. Hakuwahi kuuliza swali.

"Mwalimu, Mungu alimwapia Ibrahimu?"

"Ndiyo, mama."

"Akasema agano ni la milele?"

"Ndiyo."

"Halafu akalivunja?"

"Wao ndio waliolivunja."

"Hata mimi nimevunja, na mara nyingi. Kama amewaacha wale aliowaapia baba zao, mimi muuza matumbo, ambaye kwetu babu yangu hata jina la Mungu huyo hakulijua, ataniacha lini?"

Nikasema, "Mama, hayo ni mambo mazito. Tutayarudia."

"Mimi kusoma sijui vizuri," akasema, "lakini nasikiliza Neno kwa simu nikiosha matumbo. Zile sura unazoruka nimezisikia. Paulo anauliza kama Mungu amewatupa watu wake, na anajijibu mwenyewe papo hapo kwamba hasha. Anasema sisi ni matawi ya mwituni, tumepachikwa kwenye shina la wenyewe, tusijivune. Na yaliyokatwa, Mungu anaweza kuyarudisha. Sasa wewe hilo la kufuta umelitoa wapi?"

Nikafunga kipindi kwa sala fupi. Nje akanifuata.

"Mkeo alikuwa mteja wangu," akaniambia. "Alikuwa analia kwenye benchi langu kwanza, ndipo anakwenda Kware. Sikuuliza kwa ajili ya Wayahudi peke yao, mwalimu."

Niliondoka nimekasirika, nataka kutafuta alipokosea. Kesho yake mchana, vijana wa duka wakishusha magunia, nikafungua zile sura juu ya usukani. Sikupata alipokosea. Nikapata mwanzoni kabisa Paulo akisema angekubali yeye mwenyewe atengwe na Kristo, mradi ndugu zake wa damu wapone. Ndugu zake hao hao wasioamini! Paulo yuko tayari kujipoteza kwa ajili yao, na mimi nilimpoteza mwanangu ili nibaki na chaki ya mwalimu. Mbele kidogo anasema wao bado wanapendwa kwa ajili ya baba zao, kwa kuwa Mungu akiita hajuti. Ndugu zangu, nilimsingizia Mungu. Nilitenda ukatili wangu nikauandika kwa jina lake. Magunia yakaisha, vijana wakapiga mlango wa lori, na mimi siwezi kuwasha gari.

Jumapili mchana nikapanda ngazi za Kware. Ghorofa ya nne nikaketi kupumua, nikafikiria yale magoti yaliyovimba. Kule juu kijana alifungua mlango mwenyewe.

"Mzee. Umekuja kunisomea mistari?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha wa nini? Sema."

"Nilikufukuza. Nilikunyima kumuaga mama yako. Nilikutoa kwenye watoto wake mbele ya watu. Nilisema ni Mungu, na haikuwa Mungu."

"Mama, Mwaitu wangu, alikuwa anapanda hizi ngazi kila wiki. Wewe umechukua miaka sita, na amekufa."

"Ndiyo. Amekufa."

"Leo sina msamaha. Nisikudanganye."

Nikasema sawa, nikageuka niende. Mkewe, ambaye nilikuwa sijawahi kumsalimia, akatoa kigoda mlangoni. "Baba, ngazi ni nyingi. Kunywa chai kwanza." Nikanywa nimeketi pale kizingitini, nusu ndani nusu nje. Hakuna aliyenikaribisha zaidi ya hapo, na sikustahili.

Alhamisi nikasimama mbele ya darasa nikasema nimewafundisha uongo. Kwamba Mungu hakuwatupa Wayahudi, na kama angeweza kuwatupa hakuna mmoja wetu aliye salama. Mtu akiniuliza habari za serikali na vita, hizo si zangu, mimi nasema habari za ahadi. Basi wengine wakasema nimechanganyikiwa kwa kufiwa. Wazee wakaninyang'anya darasa, kwa adabu, kwa barua. Wale walioniombea nguvu, hakuna aliyerudi kuniombea udhaifu.

Kisha nikaita ukoo nyumbani Ukambani, tukasimama kaburini, nikatamka kwa kinywa changu kwamba marehemu aliacha watoto watatu, na wa kwanza nilimficha mimi. Kijana nilimwalika. Hakuja. Mkewe alikuja na mjukuu wangu, na mabinti wangu walikuja, wakasimama upande wao, mimi upande wangu.

Hapo ndipo nilipofika. Sijaponywa kama mnavyosikia kwa wengine. Mke wangu sitamwona akinigeuzia uso, si katika dunia hii. Mwanangu haamini, na sijui kama ataamini, na nimeacha kumpangia. Lakini naweza kusali tena. Sala yenyewe ni fupi, haina madoido.

Namshukuru yule mama wa Burma, aliyeniuliza swali mbele ya watu na kuniambia siri pembeni. Angegeuza, siri akaitoa mbele ya watu, angeniua bure. Namshukuru mkwe wangu kwa kile kigoda. Namshukuru kila mmoja wenu, mlionipokea bila kuniuliza natoka kanisa gani.

Na mafunzo yangu ni haya, mzazi uliyeketi hapo umemnunia mtoto wako. Usimtume Mungu kazi zako. Kama umekasirika, sema umekasirika. Na ukisikia mtu anafurahi kwamba Mungu amewaacha watu fulani, wawe Wayahudi au jirani yako, muulize ni sura gani anaziruka.

Juzi kijana alinipigia simu. Ni mara ya kwanza. Akauliza, "Mzee, umekula?" Nikamwambia sijala. Nikasikia mashine za chuma nyuma yake. Akasema, "Basi kula," akakata.

Nilikula, ndugu zangu. Nilikula nikamaliza.