Papa Télesphore Mulenda na Namba Niliyoifungia

Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 2018, Papa Télesphore Mulenda anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Ufundi Mapatano, hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwa miaka kumi na minne na miezi tisa. Uongozi ulipotafuta mtu wa kuandika wasifu wake, majina matatu yalitajwa, yote ya watu wanaojua kuandika. Papa mwenyewe akamwambia katibu wetu, Charlène: “Narcisse njo aandike. Ye anajua yote.” Ndivyo kazi hii ilivyomwangukia mwandishi wa maneno haya, mwalimu msaidizi wa ufundi wa simu, ambaye barua yake ndefu kuliko zote kabla ya leo ilikuwa ya kuomba ruhusa ya kwenda harusini.

Papa Télesphore alizaliwa Bukavu mwaka 1955, na huko alitengeneza redio kwa zaidi ya miaka ishirini. Vita vilipomtoa pamoja na mkewe, Mama Gabriella, na binti yao Merveille, waliondoka na mfuko mmoja. Mama Gabriella husema hadi leo kwamba ndani ya mfuko huo bisibisi zilikuwa nyingi kuliko nguo. Machi 2004 akaajiriwa na kituo chetu, ambacho wakati huo kilikuwa chumba kimoja, meza moja na wanafunzi sita wa redio. Simu za mkononi zilipoanza kuenea kambini, hakusubiri semina. Alinunua simu mbovu sokoni, akaifungua na kuifunga mara kumi na moja, na mara ya kumi na mbili ikaita. Mwaka 2009 alianzisha darasa la simu, na mafundi zaidi ya mia mbili wamepitia mikononi mwake. Wengine wana meza zao Mchesi, wengine Nathenje, na mmoja ana duka Area 25, mjini Lilongwe, lenye mlango wa kioo, ingawa kazi ikimshinda bado humpigia Papa kwa kificho.

Hatukuwahi kumsikia akimfokea mwanafunzi. Ukilehemu vibaya, alikuwa akitazama, akivua miwani, na kusema maneno mawili tu: fungua tena. Mwandishi ameambiwa maneno hayo mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai.

Alikuwa na kosa moja. Kigoda chake alijitengenezea mwenyewe, akakifanya kifupi ili macho yawe karibu na kazi, na kwa miaka kumi na mmoja akawa anakunjika juu ya meza ile kama kisu cha mfukoni. Sote tulimwonya. Mwandishi pia alimwonya, huku mwenyewe amejikunja vilevile juu ya simu yake, tena bila kutengeneza chochote.

Hapa inabidi simu hiyo ielezwe. Mwandishi aliinunua mwaka 2013, ya kugusa, na kabla ya Krismasi alikuwa mwanachama wa vikundi kumi na vinne vya WhatsApp, kimojawapo cha ukoo ambao si wake. Alikuwa akila nsima, ugali wa huku, kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye simu, hadi siku mikono ilipobadilishana kazi na simu ikachovywa kwenye mchuzi wa maharage. Papa Télesphore ndiye aliyeisafisha kwa spiriti. Alipomaliza alimrudishia mwenyewe bila neno, na jambo hilo liliuma kuliko kufokewa.

Wasomaji wa hapa wanajua kwamba kambini namba yako ya simu mara nyingi ni ya mtu mwingine. Huna simu, au unayo lakini haina chaji, basi hospitalini au ofisini unaandikisha namba ya jirani anayepatikana. Kwa watu wa kituo, jirani huyo alikuwa mwandishi. Ilionekana busara: mtu asiyeachana na simu hata chooni hawezi kukosekana. Na mafundi wetu, wanaotengeneza simu za watu kutwa nzima, wenyewe walitembea na simu zilizokufa. Hakuna aliyejiuliza kama mtu asiyeiacha simu anaiacha laini wazi.

Mwanzoni mwa 2015 mguu wa kushoto wa Papa ulianza kuwaka moto, kisha kufa ganzi. Kufikia Mei alikuwa akiburuta unyayo, na alifundisha akiwa amelala kwenye mkeka huku wanafunzi wakimshikia kazi juu ya uso wake. Hospitali moja ya Lilongwe ilimweleza kwamba diski ya uti wa mgongo imetoka mahali pake na inabana mshipa wa fahamu. Asipopasuliwa mapema, unyayo ungeweza kupooza moja kwa moja. Timu ya madaktari wageni ilitarajiwa mwezi Juni kwa juma moja tu. Wao hawapasui mgongo wazi. Huingiza mrija mwembamba wenye kamera na taa katikati ya misuli, kisha huondoa kipande kinachobana. Hospitali ingempigia kumpa siku yake. Papa akaandikisha namba.

Kituo kizima kinajua kilichofuata: simu haikuingia kwa sababu réseau, yaani mtandao, ilikuwa mbaya, na Papa alikaribia kuikosa nafasi yake. Ndivyo mwandishi alivyosimulia, na ndivyo ilivyoaminiwa kwa miaka mitatu. Sasa mwandishi anaacha kujificha nyuma ya neno mwandishi. Ni mimi, Narcisse, na nilidanganya.

Simu ilipigwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa katikati ya ugomvi wa kikundi cha kwaya kuhusu rangi ya sare, na nilikuwa ninarekodi ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao niliamini ungemaliza mjadala. Namba nisiyoijua ikaingia, nikaikata. Ikaingia tena, nikaikata. Mara ya tatu niliamua ni wale matapeli wanaokutangazia kwamba umeshinda pikipiki, nikaifungia isinipigie tena. Nilijiona mjanja. Ujumbe wangu wa dakika nne haukusikilizwa na mtu. Tuliimba na sare za kahawia.

Alhamisi mchana Pasta Épitace, anayetembelea wagonjwa Lilongwe, alifika kituoni akiuliza mgonjwa wetu amekwama wapi. Muuguzi alikuwa ametafuta kila njia. Kama Papa asingekuwa kitandani hospitalini jioni ile, Ijumaa nafasi ingekwenda kwa mwingine, na madaktari walikuwa wanaondoka Jumamosi. Charlène alileta kibali cha kutoka kambini katika muda usiofika saa moja, na mpaka leo hajasema alikipataje. Papa hakuweza kukaa kitini, kwa hiyo tulimlaza kwenye godoro juu ya magunia ya kabichi, katika gari lililokuwa likienda mjini. Nilipiga magoti pembeni yake, nikamshika kiuno kwa mikono miwili ili mashimo ya barabara yasimrushe.

Simu yangu ilianza kuita kabla hatujafika barabara kuu. Ikaita, ikatetemeka, ikanyamaza, ikaita tena. Sikuweza kuondoa hata kidole. Nadhani ulikuwa muda mrefu kuliko wote niliowahi kukaa bila kuitazama nikiwa macho, na nakiri bila fahari kwamba nilitokwa jasho. Papa alikuwa amefumba macho kwa maumivu. Bila kuyafumbua akasema: “Narcisse, simu yako iko nalia. Pokea, pengine ni hôpital.”

Nilicheka, halafu nikaikumbuka ile namba niliyoifungia, nikaogopa. Tulipofika, muuguzi alisoma namba kwenye faili na kuipiga mbele yetu ili kuhakikisha. Mfuko wangu, ambao ulikuwa umepiga kelele njia nzima, ulinyamaza kimya. Akapiga tena. Kimya. Akanitazama mimi, na Papa akanitazama kutoka kwenye machela. Yeye ni fundi wa simu, hakuhitaji kuelezwa. Akamwambia muuguzi kwamba sasa tumefika, na kwamba angependa kujua alale wapi.

Walimpasua Ijumaa alasiri, wa mwisho. Kovu lake halifiki nusu ya njiti ya kiberiti. Daktari anasema mgonjwa yule aliuliza maswali mawili kuhusu mgongo wake na tisa kuhusu taa ya kamera, likiwemo nani huitengeneza ikiharibika. Asubuhi yake alitembea hadi mlangoni na kurudi, unyayo ukiinuka wenyewe. Septemba alikuwa darasani, na kigoda chake kimeongezwa miguu.

Aliporudi, watu walikusanyika kwake na kuuliza kwa nini tulichelewa. Nilisema réseau. Nilisema mbele ya Mama Gabriella, ambaye alikuwa amekaa majuma matatu na begi la hospitali limefungwa tayari mlangoni. Papa alikuwa palepale, ananisikiliza. Hakunipinga. Mama Gabriella akanipa zikomo, yaani asante, na sahani ya kuku, nami nikala.

Badala ya kunifichua, alinitibu. Kila siku, saa mbili hadi saa sita, simu yangu ilikaa dirishani imelala kifudifudi, ikiruhusiwa kulia kwa wanaopiga tu. Siku ya kwanza nilipapasa mfuko mtupu mara sitini na moja kabla ya chai. Wanafunzi waliweka alama kwa chaki ubaoni. Kisha akaniletea karatasi alizochapishiwa mjini kuhusu utafiti wa vifaa vya elektroniki vinavyoiga ubongo. Alinieleza kwamba katika vifaa hivyo kila sehemu hupumzika mpaka ipate habari yake, ndiyo maana hula umeme kidogo sana. Watafiti walikuwa wanahangaika kufanya mashine ifanane na kichwa cha mtu, na yeye alikuwa na msaidizi ambaye kichwa chake kinawaka kutwa nzima bila kazi. Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayesoma kipimo. Leo niko katika vikundi vitatu. Ule ukoo bado unanitumia salamu za mwaka mpya, na ninazijibu kwa heshima.

Mama Gabriella, siku ile réseau ilikuwa nzuri. Naomba unisamehe. Mume wako alikaribia kupoteza mguu kwa sababu yangu, na alinibebea aibu hiyo miaka mitatu bila kukuambia hata wewe. Aliponichagua niandike, nilifikiri ananiheshimu. Usiku wa tatu wa kukaa mbele ya karatasi tupu ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananiambia nifungue tena.

Papa Télesphore anakwenda kukaa kwa Merveille, Area 25. Wafanyakazi wa Mapatano tunamshukuru kwa kila fundi aliyemfundisha na kila kosa alilolifunika. Papa, uishi miaka mingi, tena wima, na Mama akuzuie kufungua redio za majirani.

Jumanne iliyopita hospitali ilipiga simu kuhusu ukaguzi wako wa mgongo. Niliuliza kwa nini hawakumpigia binti yako, na muuguzi akasema ulipoandikishwa upya mwezi uliopita ulitaja namba hii mwenyewe, kwa kichwa, bila kusoma popote. Nilipokea kwenye mlio wa kwanza. Ni Jumatatu, tarehe 14 Januari, saa mbili asubuhi, na ubebe picha za zamani.