Twendeni, Aliyetembeza Wageni Uwanja Mkongwe wa Ndege

Ndugu, majirani, marafiki na wafanyakazi wenza wa marehemu, mimi ni dada yake wa mwisho kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuyasoma maisha ya kaka yetu mbele yenu, kazi ambayo ningefurahi apewe mtu mwingine yeyote, lakini wifi yangu, mjane wake, anasema sauti yangu inafanana na ya marehemu, na kuna jambo humu ndani ambalo ameomba lisomwe lilivyo, bila kupunguzwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mama wa nyumbani, akafuatwa na sisi wanne. Alianza shule ya msingi ya mtaani mwaka 1958, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 1969, na walimu walimkumbuka kwa mdomo wake kuliko kwa hesabu zake, maana alikuwa mtu wa maneno tangu utotoni, ukimtuma chumvi anarudi na habari za mtaa mzima, na chumvi ameisahau dukani.

Januari 1972 aliajiriwa kubeba mizigo katika uwanja wa ndege, wakati huo ukiwa ndio uwanja pekee wa mji, na miaka michache baadaye, ulipojengwa uwanja mpya, ndege kubwa zikahamia kule, huu wa zamani ukabaki na ndege ndogo za wafanyabiashara, za matajiri wanaoruka asubuhi na kurudi jioni, na za shule ya urubani. Wenzake wengi walihama, yeye akabaki, akipanda kutoka kwenye mizigo hadi dawati la mapokezi, na mwaka 1988, wageni walipozidi kuja kutazama majengo yale ya kale, wakubwa wa uwanja wakatafuta mtu wa kuwatembeza, wala hawakutafuta mbali.

Wengi wenu mlitembezwa naye, kwa hiyo mnajua alivyokuwa akianza, amesimama mlangoni na kofia yake ya bluu, anapiga makofi mawili na kusema, "Haya jamani, twendeni," mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika kazini na hata mishahara ikawa inaulizwa kwa jina la Twendeni. Aliwaonyesha chumba cha kusubiria na mabenchi yake ya mbao yaliyong'arishwa na suruali za watu wazito, akawapandisha ngazi ya chuma ya mnara wa kuongozea ndege, akawashusha kwenye banda ambamo mafundi hulala chali chini ya injini, kisha akawapeleka kwa miguu hadi kwenye uzio, mwisho wa njia ya kurukia. Hakukosa kuwasimulia ya tajiri aliyeruka akamsahau mkewe chumba cha kusubiria, mnara ukamwita akiwa hewani, rubani akamuuliza, "Mzee, turudi?", na mzee akafikiri kwanza.

Mkewe alimpata kwa sababu ya upepo. Mwaka 1976 ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inizwa mlingotini ili marubani wajue upepo unaelekea wapi ulichanika, kaka yetu akatumwa kuupeleka kwa fundi cherehani, binti aliyekuwa na kibanda karibu na geti, naye akaugeuza huku na huku, akauliza, "Suruali hii ya mguu mmoja ni ya nani?" Akamjibu, "Ya upepo, na anaihitaji kesho." Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba mwaka huohuo, na tangu hapo mifuko yote ya upepo ya uwanja ule ilishonwa na wifi, na kaka akawa anawaambia wageni kwamba ndege zote zinatua kwa ruhusa ya mke wake.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye ni fundi umeme na mko naye hapa, na wa pili wa kike, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1981, mziwanda, aliyeshinda uwanjani na baba yake kila likizo mpaka akawa anawajua marubani kwa miguno yao. Alipomaliza sekondari alisema anataka kurusha ndege, mama yake akasema hapana, baba akamwombea nafasi kwa mwalimu mkuu wa shule ya urubani, na hapana ya mama ikazidiwa na furaha ya watu wawili.

Tarehe 9 Agosti 2003, asubuhi yenye anga jeupe, kaka yetu alikuwa juu ya mnara na wageni wake, akawaonyesha ndege ndogo inayokimbia chini, akawaambia, "Yule ni wangu, anaruka peke yake leo." Ndege iliinuka, injini ikanyamaza kabla haijapata kimo, ikaangukia ng'ambo ya uzio. Binti yetu alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Kaka alirudi nyumbani kwa miguu, akasimama mlangoni, na wifi aliyekuwa kwenye cherehani akamtazama usoni, akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Kaka akasema, "Mama, kaa kwanza." Wifi akasema, "Sikai." Alipoambiwa alibaki amesimama vilevile, na maneno aliyoyatoa ni haya, "Wewe ndiye uliyempeleka."

Baada ya matanga alirudi kazini, jambo ambalo mkewe hakuweza kulimeza. Alimuuliza, "Unapitaje pale?" na kaka akasema, "Nisipopita mimi, nani atapita?", jibu ambalo kwa wifi halikuwa jibu. Uwanja ulipoleta kitambaa cha mfuko mpya wa upepo, alikirudisha kilivyofungwa. Waliishi nyumba moja wakiongea mambo ya mlango na chai na dawa ya mbu, kitanda kimoja, migongo miwili, na jina la mtoto halikutajwa na yeyote kati yao, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi Aprili 2006, pale jirani yao mwalimu, aliyekuwa amewapeleka wanafunzi uwanjani, alipomwambia wifi kwa nia njema, "Mumeo anamsimulia vizuri sana marehemu binti yenu." Wifi aliitikia, akafunga mlango, akachemka. Nyumbani mume hafungui kinywa, kumbe kwa watu baki anamwaga. Aliona mtoto wake amefanywa kivutio, amewekwa pamoja na mabenchi na ngazi ya chuma.

Kesho yake alijitanda mtandio hadi machoni, akajiunga na kundi la wageni, akakaa nyuma kabisa. Anasema kaka alimtambua tangu mlangoni, maana makofi yake yalikosana, lakini aliendelea na kazi. Akapita naye chumba cha kusubiria, akapanda naye mnara, akamsikiliza akieleza habari za tajiri na mkewe, wageni wakacheka, yeye akisubiri uzio tu, na maneno ya kumrushia akiwa nayo mdomoni tayari.

Walipofika kwenye uzio kaka alivua kofia. Hakueleza injini, hakuonyesha kwa kidole mahali ndege ilipoangukia. Alisema, "Ndege nyingi mlizoziona leo zinaacha ardhi hapa, na binti yangu aliiacha hapa mara nyingi, mara ya mwisho hakurudi. Alikuwa anapiga mluzi akipika, uji ukiungua anaukoroga na kutuambia ndio ladha yake. Alikuwa mrefu kunishinda na haogopi kitu." Mgeni mmoja, mama wa makamo, akauliza, "Na mama yake?" Kaka akasema, "Mama yake alikataa, mimi nikakubali. Ana haki ya kila anachonifikiria."

Wifi, ambaye alikuja na maneno mengine kabisa, akajisikia anasema kutoka nyuma, "Alikuwa anaogopa kuku."

Wageni waligeuka. Kaka alishika waya wa uzio, akacheka huku machozi yakimtoka, akasema, "Kweli. Kuku alikuwa anawakimbia."

Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu, bila haraka, na karibu na soko wifi akamwambia, "Usiwe unawaambia wageni tu. Niambie na mimi." Kuanzia jioni ile mtoto alirudi kutajwa ndani ya nyumba ile, uji wake, mluzi wake, viatu vyake alivyoviacha katikati ya njia. Msidhani kila kitu kilipona. Wifi hakukanyaga tena uwanjani, na mfuko wa upepo hakuushona tena, lakini migongo iligeuka, na sisi ndugu tuliokuwa tunawatembelea tuliliona hilo kwenye namna walivyogombania mto wa kuegemea.

Kaka yetu alistaafu Juni 2011, akaombwa aendelee kwa mkataba, akatembeza wageni hadi miguu ilipoanza kuvimba mwaka 2020. Madaktari waligundua figo zimechoka, akawa anakwenda kusafishwa damu, akiwatania wauguzi kwamba sasa yeye ndiye mzigo. Mwezi uliopita alilazwa, na wifi alikaa kando ya kitanda kile usiku na mchana, akiwa na neno alilokuwa amelitayarisha kwa miaka mingi, akilisogeza mbele kila siku, leo amechoka, leo amelala, leo kuna wageni. Asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024 aliamua kulisema, akamwambia, "Nakwenda kukuletea shuka safi, nikirudi tuongee," kaka akaitikia kwa kichwa. Aliporudi na shuka, muuguzi alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri. Marehemu alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Neno lenyewe ndilo alilotuomba tulisome mbele ya marehemu kabla hajafunikwa, na ninalisoma kama alivyonitamkia jikoni kwake. "Baba, hukumpeleka wewe. Alikwenda mwenyewe, alikuwa anapenda, na hata ungekataa angekwenda. Nililijua siku ileile. Nilihitaji mtu wa kumlaumu, na wewe ulikuwa karibu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopika na kufua bila kuitwa, mafundi, marubani na wafanyakazi wote wa uwanja waliokuja leo na sare zao, na mwalimu jirani, ambaye wifi anasema hajawahi kumshukuru.

Kaka, kaburi lako liko ubavuni mwa binti yako. Kazi umeimaliza. Lala, upumzike, nasi tutakaa na mama watoto.